Paka anapovuja mkojo: tafuta chanzo kabla ya kumfukuza

Leso niliyomtandikia Chausiku ilikuwa na doa bichi, pana kama kisahani cha chai, na mwenyewe bado amelala juu yake. Nilipomwinua niliona manyoya ya mapajani yameshikana, na matone mawili yakadondoka sakafuni. Hakushtuka wala hakugeuka kutazama. Mkia wake ulining'inia kama kamba iliyokatika.

Siku tatu kabla ya hapo mlango wetu wa chuma ulikuwa umembana. Tunaishi Nyalenda, Kisumu, na wa huku wote wanaujua upepo wa ziwa: ikifika saa nane mchana unaanza kuvuma, mapazia yanapanda, na mlango usiowekewa jiwe unajibamiza. Chausiku alibanwa mkia, akajivuta kwa nguvu zake zote mpaka akachomoka, akaenda kujificha chini ya kabati hadi usiku. Nilidhani ni maumivu ya mkia tu, yatapoa. Baada ya ile leso, jirani yangu aliniambia, "Mama Achieng', paka akishaanza kukojoa ndani haachi. Mpeleke Kibuye umwache sokoni, atajitafutia." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo wengi wanavyoamini, na ndivyo paka wengi wagonjwa wanavyoishia jalalani.

Chausiku hakuwa amekuwa mchafu. Alikuwa ameumia mishipa ya fahamu. Tangu wakati ule nimeulizwa na watu wa Manyatta, wa Kakamega, hata binamu yangu aliyeko Section 58 kule Nakuru: paka wangu anakojoa kila mahali, nifanye nini? Hapa chini nimepanga yale ninayowaambia, kwa utaratibu ule ninaowaambia.

Hatua ya kwanza: mwone akikojoa kwa macho yako

Mkojo ulioukuta umeshamwagika haukwambii mengi. Ulivyotoka ndiyo habari yenyewe. Tenga siku mbili, mfungie paka chumba kimoja chenye maji, chakula na beseni la mchanga au vumbi la mbao, ukae naye kila unapopata nafasi. Mtandikie kitambaa cheupe ili doa lionekane, na kama lina damu uione.

Paka anayevuja hachuchumai. Mkojo unamtoka akiwa amelala, akitembea, au akiruka kutoka kwenye kiti, naye hana habari. Panapolowa ni pale alipolala. Manyoya ya chini ya mkia yana unyevu na harufu wakati wote. Wengine huenda kwenye beseni vilevile na kukojoa kidogo, kwa hiyo usikate shauri kwamba havuji kwa kuwa umemwona akitumia mchanga.

Anayeumwa kibofu au njia ya mkojo anajua kabisa anachofanya. Anachuchumaa mara kwa mara, kwenye beseni, kwenye zulia, hata kwenye karai la nguo, anatoa kidogo sana, analia, kisha anajilamba kwa muda mrefu. Huyu havuji. Anabanwa na maumivu hata mchanga anaukosa.

Anayenyunyizia husimama. Anaupa ukuta mgongo, mkia juu unatetemeka, na mkojo unaruka mlangoni, kwenye kochi au kwenye gunia la mahindi. Mara nyingi ni dume asiyehasiwa anayeweka alama ya mipaka yake. Huyo si mgonjwa; ahasiwe, na wengi huacha au hupunguza.

Halafu kuna mzee anayekunywa maji mengi, anakojoa madimbwi makubwa, na usiku anashindwa kuwahi. Nitamrudia.

Binamu yangu wa Nakuru alipomwangalia paka wake kwa siku mbili aligundua kwamba "kuvuja" kote alikonilalamikia kulikuwa kunyunyizia. Paka alihasiwa na mambo yakaisha. Angeweza kutumia fedha nyingi kwa dawa.

Hatua ya pili: kama ni dume na hakuna kinachotoka, acha kusoma uende kwa daktari

Hili nililiweka la pili kwa kuwa ni lazima kwanza umwangalie, lakini kwa uzito ni la kwanza. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na inapokaribia nje huzidi kuwa nyembamba. Chembechembe kama mchanga, ute, au jiwe dogo huiziba. Kibofu kinajaa, figo zinashindwa kutoa uchafu, na madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu hadi moyo unapungua mwendo na kusimama. Kwa kawaida ni suala la siku moja hadi tatu tangu njia izibe kabisa.

Dalili zake: anaingia na kutoka kwenye beseni bila kitu, anakamua kama mwenye choo kigumu, analia, baadaye anatapika, analegea na kukataa chakula. Watu wengi hudhani amefunga choo na kumpa mafuta ya kupikia. Wengine huona tone moja moja likidondoka na kusema anavuja. Tone hilo ndilo linalodanganya: kibofu kimejaa hadi kinasukuma kidogo pembeni mwa kizibo.

Mguse tumbo taratibu mbele ya miguu ya nyuma. Ukikuta kitu cha mviringo, kigumu kama chungwa, na anaumia ukigusa, usikikamue hata kidogo, kinaweza kupasuka. Mtie ndani ya kikapu, panda boda boda au tuktuk, nenda usiku huo huo.

Hatua ya tatu: mkague mwili, kuanzia mkiani

Ngoja atulie. Mtu mmoja amshike mabega kwa taulo, mwingine akague.

Anza na mkia. Je, anauinua mwenyewe? Shika ncha yake na uibane kidogo kwa vidole. Je, anageuka au analalamika? Panda hivyo hivyo hadi shina la mkia. Kumbuka mahali anapoanza kuhisi. Kisha gusa kwa pamba pembeni mwa tundu la haja kubwa. Kwa paka mzima tundu hilo hujibana mara moja, kama jicho linalopepesa. Lisipojibana, au likiwa wazi na kinyesi kinadondoka chenyewe, mishipa ya fahamu ya huko nyuma imeumia, na daktari atataka kulijua hilo kabla ya jambo lolote.

Tazama anavyotembea. Anayeyumba nyuma, anayeburuta mguu, au anayekanyaga kwa mgongo wa kiganja cha mguu ana tatizo la uti wa mgongo. Miguu yote miwili ya nyuma ikipooza ghafla, ikawa baridi, na paka anapiga mayowe, huenda bonge la damu limeziba mshipa mkubwa. Hiyo ni dharura kama ile ya dume aliyezibwa njia ya mkojo.

Tazama macho yake kwenye mwanga wa kawaida. Mboni moja ikiwa pana kuliko nyenzake, andika.

Na hapa nasema kwa msisitizo, maana mbwa wasiochanjwa bado wapo mitaani kwetu: paka aliyelegea nyuma, anayetoka mate, aliyebadilika sauti, au mpole aliyeanza kuuma bila sababu, usimkague. Anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mfungie mahali, mwite daktari wa mifugo. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe sindano.

Hatua ya nne: pima maji anayokunywa

Mpe maji kwenye bakuli moja uliyoyapima asubuhi, pima yaliyobaki asubuhi inayofuata, ukihakikisha hakuna mwingine anayekunywa humo. Uzito wake utaupata kwa kupanda mizani ukiwa umembeba, kisha ukapanda peke yako. Paka kwa kawaida hazidishi mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayekula chakula chenye majimaji hunywa chini sana ya hapo. Paka wa kilo 4 akimaliza mililita 200 ni sawa. Akipita hapo siku kadhaa mfululizo, mwambie daktari. Akifika 400, hakika kuna ugonjwa.

Hatua ya tano: linganisha na vyanzo vinavyojulikana

Kuvuja kwenyewe ni nadra kwa paka kuliko kwa mbwa. Mbwa jike aliyehasiwa huweza kulegea msuli wa kibofu kwa kupungukiwa na homoni. Kwa paka hilo halitokei sana. Kwa hiyo paka akivuja, mara nyingi kuna sababu kubwa nyuma yake.

Sababu ninayoiona zaidi mitaani ni mkia uliovutwa. Mlango, geti, gurudumu la boda boda, mtoto anayecheza vibaya. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu, kwenye tundu la haja na kwenye mkia hutoka pamoja mwishoni mwa uti wa mgongo, kama nyuzi za ufagio zilizofungwa shina moja. Mkia ukivutwa kwa nguvu, nyuzi zote hunyooshwa pamoja, hata kama hakuna mfupa uliovunjika wala jeraha linaloonekana. Ndiyo maana paka mwenye mkia uliolegea baada ya ajali lazima aangaliwe kibofu, hata kama anakula na kucheza.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalielewi, nami sikulielewa. Nilidhani Chausiku anavuja kwa kuwa kibofu hakina kifuniko, kwa hiyo kiko tupu. Daktari alipomgusa tumbo aliniambia, "Mama, huyu amejaa. Hakuna kinachoukamua mkojo, unamwagika tu." Fikiria mtungi wa lita 20 ulioachwa chini ya bomba: ukishajaa, kila tone linaloingia linamwaga tone jingine. Sakafu imelowa, lakini mtungi umejaa pomoni. Alimkamua mbele yangu na mkojo ukajaza nusu ya kikombe. Paka mwenyewe hakuwa mkubwa.

Mkojo ukikaa hivyo, misuli ya kibofu hunyooka hadi ikapoteza nguvu ya kujikaza, na hilo linakuwa tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Dume aliyezibwa kwa siku mbili anaweza kuzibuliwa vizuri kisha akaendelea kuvuja kwa sababu hiyo hiyo. Kibofu kinatakiwa kiwe kinakamuliwa mara kwa mara ili misuli ipumzike na kurudi.

Uti wa mgongo ukiumia juu zaidi, kwa kugongwa na gari au kuanguka kutoka paani, hali hugeuka: kibofu kinakuwa kigumu na mlango wake umejifunga, mkojo unaruka bila mpango. Uvimbe ndani ya uti wa mgongo unaweza kuleta hali kama hiyo polepole, bila ajali yoyote.

Kama ni mtoto wa paka, uliza umri kwanza. Kitoto cha chini ya wiki 3 hakiwezi kukojoa chenyewe. Mama yake humlamba ili mkojo utoke. Ukiokota kachanga kando ya barabara na ukaona kanalowa ukikashika, si ugonjwa. Kapanguse sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya vuguvugu kila baada ya kukanywesha maziwa ya vitoto vya paka, utaona mkojo unatoka. Lakini kitoto kilichokua, kinachotumia mchanga vizuri na bado kimelowa tangu ulipokipata, huenda kilizaliwa na mrija wa figo uliounganishwa mahali pasipo: badala ya kumwaga mkojo kibofuni unaumwaga chini ya mlango wa kibofu. Upasuaji huweza kurekebisha. Paka wanaozaliwa bila mkia nao wanaweza kuwa na kasoro ya uti wa mgongo inayowafanya wavuje maisha yao yote.

Mawe ya kibofu, uvimbe, na maambukizi humfanya paka akojoe kwa maumivu, na wakati mwingine avuje kwa kuwa kibofu kilichochubuka hakiwezi kubeba. Hapa nina neno na wauzaji wa dawa. Nilipopita duka moja la dawa za mifugo siku ile ya kwanza, muuzaji alinipa antibiotiki bila kumwona paka, akasema ni maambukizi. Nilipoteza siku 4, na kibofu kikaendelea kunyooka. Baadaye nilijifunza kwamba maambukizi ya bakteria kwa paka kijana ni nadra. Hutokea zaidi kwa wale waliopita miaka 10, wenye kisukari au figo mbovu. Wengi wa paka vijana wenye dalili za kibofu wana uvimbe wa kibofu usio na mdudu wowote, unaochochewa na mfadhaiko: kuhama nyumba, mbwa mpya, ujenzi jirani, paka mgeni dirishani. Huo huweza kupoa wenyewe ndani ya wiki moja hivi mradi njia haijaziba, kisha ukarudi mambo yakiharibika tena.

Mzee anayekunywa sana: figo zilizochoka, kisukari, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Yote matatu yanapimwa kwa damu na mkojo, na yote yana matibabu. Mzee mwingine ana maumivu ya viungo. Anajua beseni liko wapi ila hawezi kuruka ukingo wake. Mkatie beseni mlango wa chini upande mmoja, uone.

Mwisho kuna virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka, vinavyoambukizwa zaidi kwa mate, kwa kulambana na kula sahani moja. Baadhi ya paka wenye virusi hivyo huvuja wakiwa wamelala, na mboni zao huweza kutolingana. Kipimo ni tone la damu na jibu hupatikana papo hapo, kliniki ikiwa nacho. Ukifuga paka kadhaa, kiulizie.

Hatua ya sita: mpeleke kwa daktari ukiwa na habari kamili

Huku kwetu daktari wa mifugo anajulikana na wengi kwa ng'ombe, na mtu huona haya kumpelekea paka. Usione haya. Kibofu cha paka alikisoma chuoni kama alivyosoma kiwele. Ofisi ya mifugo ya kaunti itakuelekeza aliye karibu, na una haki ya kuuliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Walio upande wa Nakuru wako karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kinachofundisha udaktari wa mifugo. Uliza huko ni nani anayetibu wanyama wadogo.

Msafirishe ndani ya kikapu chenye kifuniko au katoni imara yenye matundu, juu ya taulo. Paka asiyefungiwa kwenye boda boda ataruka Kondele katikati ya magari, na hapo utakuwa na ajali ya pili.

Beba daftari. Lilianza lini, alianguka au kubanwa wapi, analowa akiwa amelala au anatembea, anakunywa kiasi gani, choo kikubwa kikoje, amehasiwa au la, amepewa dawa gani. Kama unaweza, mrekodi kwa simu akikojoa. Video ya nusu dakika imemsaidia daktari wangu kuliko maelezo yangu yote.

Kwa paka anayetumia beseni, unaweza kupeleka mkojo: toa mchanga, weka kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, uvute mkojo kwa bomba la sindano jipya, uutie kwenye chupa safi. Ufike ndani ya saa moja, au ukae kwenye friji na kupelekwa siku hiyo hiyo. Kwa anayevuja, daktari atauvuta kwa sindano kutoka kibofuni, na hiyo ndiyo sampuli safi zaidi. Usiogope ukiona, wengi wao hata hawalii.

Atapima kibofu kwa mkono, atapima mkojo na damu, na ikihitajika atakutuma kwenye eksirei au ultrasaundi. Muulize waziwazi: kibofu chake kimejaa au kitupu? Anahisi nyuma? Nirudi baada ya siku ngapi? Kuna mawe yanayoyeyuka kwa chakula maalum, na kuna yasiyoyeyuka hadi upasuaji, kwa hiyo uliza pia ni jiwe la aina gani.

Hatua ya saba: usimpe dawa ya watu

Panadol, au parasetamoli ya jina lolote, inaua paka. Kidonge kimoja tu kinatosha. Ini la paka haliwezi kuivunja, damu inapoteza uwezo wa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni sumu kwa paka. Kama anaumia, dawa ya maumivu itoke kwa daktari, kwa kipimo cha kilo zake.

Usimnyime maji ili asivuje. Mkojo mzito ndio unaotengeneza mawe.

Hatua ya nane: mtunze nyumbani

Kazi kubwa iko hapa, na ndipo watu wanapokata tamaa.

Kama daktari amesema kibofu kikamuliwe, usiondoke kliniki kabla hujafanya mwenyewe mbele yake. Maandishi hayatoshi kukufundisha hili, ila nitakwambia unachotarajia kuhisi. Paka anasimama, kichwa mbali nawe. Mkono mmoja unapita chini ya tumbo mbele ya mapaja, vidole upande mmoja, dole gumba upande wa pili. Utakutana na kitu kinachoteleza kama puto dogo la maji, ukubwa wa ndimu. Unakibana taratibu, mkandamizo mmoja wa kudumu, ukielekeza nyuma kwenye mkia. Hakuna kutingisha wala kuchoma kwa ncha za vidole. Mkojo unakuja kwa mkondo, unapungua, unakoma, na lile puto linalegea mkononi. Usipokuja, acha, subiri, jaribu tena baadaye kidogo. Ukikataa kabisa, mpigie daktari. Kwa kawaida ni mara 3 kwa siku. Mimi nilifanya saa kumi na mbili asubuhi, saa nane, na saa nne usiku. Wiki ya kwanza mikono ilinitetemeka kila mara.

Ngozi iliyolowa mkojo huungua. Mwoshe sehemu hiyo kwa maji ya vuguvugu, mkaushe kwa kumgandamizia taulo bila kusugua, punguza manyoya marefu kwa mkasi butu, kisha mpake mafuta mepesi ya mgando, kidogo tu kwa kuwa atayalamba. Krimu za watoto zenye zinki usitumie. Zinki ikilambwa ni sumu.

Kagua kila asubuhi na jioni kama kuna mayai ya nzi kwenye manyoya ya nyuma. Ni meupe, madogo, yameshikana mafungu mafungu kama unga wa mchele uliolowa. Msimu wa mvua, kwa paka asiyehisi nyuma, mayai hayo yanaweza kuwa mabuu ndani ya siku moja nayo yakaanza kula ngozi. Kichanuo chembamba huyatoa. Ukikuta mabuu, ni kwa daktari tena.

Malazi: karatasi ya nailoni chini, juu yake nepi ya mtoto iliyofunguliwa na kutandazwa, juu yake taulo au leso kuukuu. Taulo linapitisha mkojo, nepi inaunywa, paka anabaki mkavu. Badilisha kila anapolowa.

Sakafu na makochi osha kwa maji na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kisha siki iliyochanganywa na maji. Usichanganye jiki na mkojo, hutoa hewa inayochoma mapafu. Na zile dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini zina kemikali ambayo ni sumu kwa paka anayelamba nyayo zake.

Chakula: omena (dagaa) kavu peke yake, siku zote, haifai. Haina maji, mara nyingi ina chumvi, na mchanga wake nimeuona chini ya sufuria mara nyingi. Ioshe mara mbili, ichemshe kwa maji mengi bila chumvi wala kitunguu, umpe pamoja na supu yake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka. Kwa wenye ugonjwa wa figo au mawe, fuata lishe ya daktari hata kama ni tofauti na hii. Beseni za mchanga ziwe moja zaidi ya idadi ya paka, na zisafishwe kila siku.

Kuhusu muda: aliyevutwa mkia apewe mwezi mmoja. Anayehisi shina la mkia na ambaye tundu lake la haja hujibana ana matumaini makubwa. Mwezi ukiisha bila mabadiliko, uwezekano wa kupona ni mdogo, na mtazungumza na daktari kama utaendelea kumkamua maisha yake yote, jambo ambalo watu hufanya, au kama anateseka kiasi kwamba ni huruma kumlaza kwa sindano asiamke tena. Mazungumzo hayo ni magumu. Yafanye na daktari, usiyaamue peke yako usiku ukiwa umechoka. Wakati mwingine mkia uliokufa hukatwa ili usiendelee kuvuta mishipa kwa uzito wake na usiburuzwe kwenye uchafu.

Chausiku alikatwa mkia wiki ya 2. Siku ya 22, saa nane mchana, nilikwenda kumkamua kama kawaida nikakuta kibofu kimelegea. Nepi ilikuwa kavu. Nilizunguka chumba kizima nikipapasa zulia, nikainua mkeka, nikachungulia chini ya kabati. Kisha nikatazama beseni la mchanga kwenye kona, na katikati yake palikuwa na bonge moja la mchanga uliolowa, limefukiwa upande mmoja tu.